Jina Langu Kwenye Zawadi ya Bibi

Juzi, nikichagua vitabu vya waandishi wetu vya zawadi za Krismasi dukani pale Visiga, harufu ya karatasi ya kaki ilinirudisha Mzenga, kwa bibi.

Krismasi moja ya utotoni, mama aliniambia nikifunge kitabu cha kumpa bibi. Nikakiwekea kava la kaki kama daftari, nikaandika juu jina langu na darasa la tatu.

Bibi alipokipokea, aliwaita majirani. "Njooni mwone, mjukuu wangu ametunga kitabu."

Mchana kutwa nilikaa karibu na kile kitabu, nikiogopa kila mkono uliokigusa usije ukakifungua na kuona jina la mwandishi.

Mwaka huu nimekirithi. Ndani, bibi alikuwa amelipigia mstari chini jina la mwandishi halisi kwa penseli. Kava langu hakulitoa.