Jumamosi za Kutafuta Pendulamu

Saa ya ukutani ya baba ilisimama miezi michache baada ya kumzika. Haikuharibika. Tulikuwa tunapaka nyumba rangi, tukaishusha, na tulipoirudisha msumarini pendulamu haikuwepo: ile sahani ya shaba njano, upana wa kisosi, iliyokuwa ikining'inia nyuma ya kioo na kuyumba huku na huku. Baba alipewa saa hiyo na Mzungu wa ranchi aliyempikia miaka mingi, siku Mzungu huyo alipofunga virago kurudi kwao. Kila Jumapili kabla ya kanisa aliijaza kwa ufunguo, sisi tukimngoja mlangoni na viatu vinatubana. Mlio wake ulisikika hadi kisimani. Bila mlio huo nyumba yetu ya Muthetheni ilikuwa kama imehamwa, na mimi, kifunguamimba, nikaapa kuifufua.

Mama alisema labda watoto wa majirani wameichukua kuchezea. Nikaamini. Nani humshuku mamake?

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Mavoko. Nikaanza kuja nyumbani kila Jumamosi, mara nyingi na chuma fulani mkobani. Fundi wa saa mwenye meza barazani mjini Machakos aliniuzia pendulamu ya saa nyingine. Ilikuwa fupi, mishale ikakimbia kama inafukuzwa na nyuki. Katika soko la Gikomba, Nairobi, nikapata ndefu. Saa ikajikokota, halafu ikalala. Fundi wa kuchomelea akanikatia ya bati nene. Hiyo ikagonga kioo. Wote waliniambia neno moja: saa kuukuu namna hii haitaki kiungo cha kuazima, tafuta chake.

Mama alikishika kila kipande nilicholeta, akakigeuza, akatikisa kichwa. "Hii si yenyewe. Ile iko na ua huku nyuma, na hapa chini imekwaruzwa." Nikastaajabu jinsi mapenzi yanavyotunza kumbukumbu. Kisha alinimiminia chai, akanipakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, aliouchemsha tangu alfajiri, akasema, "Si kitu. Jumamosi utakuja tujaribu tena."

Huko Mavoko kulikuwa na mtu. Alikuwa fundi wa umeme pale kiwandani, mpole, na aliniomba Jumamosi moja tu anipeleke kwao nikaonane na wazazi wake. Nilimwambia angoje kwanza nimalize habari ya saa. Nilimweleza mama, naye akasema mwanamume wa kweli hungoja. Alingoja zaidi ya mwaka, akachoka kushindana na saa ya ukutani, akaoa mwingine. Kadi ya mwaliko aliniletea kwa mkono wake.

Halafu ikaja Jumamosi moja nikakuta mvua ya kwanza imenyesha usiku na mama ameenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Jirani mwenye ng'ombe wa kulima akafika na plau. "Mbegu iko wapi?" akauliza. "Mimi niko na mashamba mengine ya kulima leo."

Kwetu chungu cha mbegu hufunguliwa na mwanamke mwenye shamba peke yake. Baba mwenyewe hakuwahi kukigusa. Lakini ng'ombe wa kukodi hawangoji mtu, na udongo ulikuwa umelowa vizuri. Nikaingia ghalani, nikabandua kifuniko, nikatia mkono ndani ya kunde na majivu ya kuzuia wadudu. Vidole vikagusa kitu baridi. Nikakitoa, nikakipangusa kwa leso yangu. Ua lilikuwepo nyuma. Mkwaruzo ulikuwepo chini.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa chunguni. Nilimpa jirani mbegu, nikarudi ndani, nikalia kwa hasira hadi kifua kikaniuma. Sikuwa nimewahi kumchukia mama, na siku hiyo nilimchukia.

Aliporudi nilikuwa nimeiweka mezani. "Mwaitu," nikasema, maana ndivyo Wakamba tunavyowaita mama zetu, "hii ni nini?"

Hakujifanya kushangaa. Alivua kitambaa cha kichwa, akaketi. "Umefungua chungu changu."

"Umenizungusha Machakos na Gikomba, na ulikuwa nayo?"

"Tangu tuzike baba yako mpaka tupake rangi, ulikuja mara ngapi?"

Nilikuja mara moja, siku hiyohiyo ya rangi.

"Basi si ungeniambia nije?"

"Nilikuambia. Ukasema kazi."

Huenda ni kweli. Lakini ukweli huo haukunirudishia mtu wangu, na mama alijua namngojesha kwa ajili ya nini aliponiambia mwanamume wa kweli hungoja. Alikaa palepale, akanipakulia chakula, akaniacha nimpoteze.

Nikaipachika pendulamu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikaijaza saa kwa ufunguo, nikaisukuma sahani kwa kidole, ikaanza kutembea kama vile haikuwahi kusimama. Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo kwa hamu, na sasa iliniudhi. Mama akaenda jikoni, akarudi na sahani ya muthokoi. Sikuipokea. Nikachukua mkoba wangu, ambao siku hiyo haukuwa na chuma chochote.

"Jumamosi utakuja?" akauliza, sahani ingali mkononi.

"Saa imepona, mwaitu," nikamwambia, nikatoka.