Kiganja Changu Mgongoni mwa Baba Mkwe

Chekeni mmalize kwanza, ndipo niwaeleze, kwa maana najua kila nikitokea kwenye sherehe ya ukoo huu kuna mtu atamnong'oneza jirani yake, "Ndiye huyo, ndiye aliyempaka baba mkwe wino," nami nimechoka, kwa sababu sikumpaka, na hasira zangu za siku ile hazijapoa mpaka leo. Aibu niliipata, sikatai. Lakini mwenye makosa ni fundi mmoja anaitwa Ombati, na hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha nilikuwa na ofisi ya kupiga chapa pale Keroka, chumba cha mbele cha nyumba ya baba, kikitenganishwa na sebule kwa pazia tu. Nilikuwa na kompyuta moja na printa ya wino wa rangi (nyinyi mnaona ni kitu kidogo, lakini wakati huo watu walisimama mlangoni kuitazama ikitoa maua mekundu). Sasa printa hizo zina tabia ambayo hakuna aliyeniambia nilipokuwa nikinunua: kila zikijisafisha, wino unaotoka hauendi popote, unanywewa na sponji iliyofichwa chini tumboni mwa mashine. Sponji ikijaa, taa zote zinaanza kupepesa, na hupati hata karatasi moja.

Yangu ikagoma wiki ile ile ambayo wazazi wa mchumba wangu, Momanyi, walikuwa wanakuja kwetu kutoka Nyamache kuzungumza habari za ndoa. Nilikuwa nimepanga kuwachapishia ratiba ya siku, yenye maua na majina yao, ili shangazi yake, Senge Kwamboka, aione. Huyo Senge alikuwa ameshatangaza kwamba msichana anayeshinda ameketi mbele ya mashine hawezi kuchuma majani chai, na kwamba anakuja kuniangalia kwa macho yake mwenyewe, na katika ukoo ule neno lake lilikuwa zito. Akinikataa yeye, nimekataliwa.

Nikaibeba printa hadi Kisii mjini, kwa Mhindi mmoja mzee aliyekuwa akituuzia katriji. Akaifungua, akatikisa kichwa. "Dada, hii imeshiba. Wacha hapa, sponji mpya inakuja Jumanne."

Jumanne! Na wageni wangu ni Jumapili! Nikaichukua nikatoka nimenuna, na hapo nje ndipo Ombati, fundi wake, akanifuata mbio, bisibisi sikioni.

"Madam, usisumbuliwe na mzee. Zima mashine, shika hizi batani mbili pamoja, halafu uwashe. Itasahau kama imejaa."

"Na wino wenyewe?"

"Wino gani? Hiyo ni hesabu tu ya mashine."

Hesabu tu! Alisema hivyo akinitazama machoni, bila haya, nami na vyeti vyangu vyote nikaamini.

Jumapili asubuhi nikashika batani mbili, nikawasha, taa zikatulia, ratiba zikaanza kutoka na maua yake, nikaimba wimbo mzima wa kanisani peke yangu. Mashine ilikuwa imesahau kweli. Wino ndio haukusahau. Nikichapisha ya mwisho nikaona kitu cheusi kinatambaa mezani, nikaiinua printa kidogo nichungulie, na uchafu wote wa miezi yote ukanimwagikia kwenye kiganja cha kulia, mweusi wa kuelekea zambarau, mzito kama uji.

Wakati huo huo mama akapiga kelele, "Moraa! Wageni wako getini, na kitambaa cha kiti kikubwa kinaanguka!"

Mnawajua mama zetu na vitambaa vyao. Hakuna kiti kwetu kisichovalishwa kitambaa cheupe cha kufuma, na siku ya wageni vinafuliwa, vinatiwa wanga, vinapigwa pasi. Nikakimbia, nikakidaka kabla hakijagusa sakafu, nikakibandika pale kwenye mgongo wa kiti na kukikandamiza. Kwa mkono upi? Msiniulize. Nilipoondoa mkono, vidole vitano vilikuwa vinanitazama.

Nikakigeuza. Upande wenye alama nikauelekeza kwa kiti, upande safi ukabaki mbele, nikajiona nina akili kuliko watu wote wa Keroka. Kitambaa cha kufuma, jamani! Kitu chenye mashimo kama chujio la chai! Nikakimbilia karai, nikasugua mkono kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikauma, wino haukupauka hata kidogo, basi nikaufunga kwa leso na kwenda kusalimia watu kwa mkono wa kushoto.

"Kwenu watu husalimiana kwa kushoto?" Senge akauliza.

"Nimeungua na mafuta, Senge." (Nilikuwa nimeanza kudanganya kabla hawajaketi.)

Sasa, kwa asiyejua mambo yetu Wagusii: kuna chinsoni, ile heshima yenye haya baina ya mtu na wakwe zake. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hamgusi, na hata njiani humpisha. Basi Mzee Onchari, baba yake Momanyi, akaingia na suti mpya ya Kaunda, rangi ya maziwa, na kwa kuwa ndiye mgeni mkubwa akapewa kiti kikubwa. Akaegemea. Akastarehe kabisa.

Mazungumzo yakaenda vizuri mno. Nikamimina chai, nikapita nyuma ya kile kiti na chupa ya chai, nikarudi, watu wakiniona. Ratiba zikasifiwa. Mwishowe Mzee akaombwa afunge kwa maombi, akasimama, akageukia dirishani, akafumba macho, nasi wote tukainamisha vichwa isipokuwa Senge (na hapa naomba kuuliza, ni nani anayeomba macho wazi?).

"Obe! Huo ni mkono wa nani?"

Tukatazama. Mgongoni mwa suti ile, katikati, kiganja cheusi na vidole vitano, hakikukosa hata kidole gumba. Senge hakungoja jibu. Alinifikia, akanyakua leso, mkono wangu ukaonekana mweusi hadi kwenye kifundo.

"Amemshika baba mkwe! Mchana! Nyumba imejaa watu!"

Wazee wa Nyamache wakachukua kofia zao. Baba yangu akatazama sakafu. Na Momanyi, mwanamume aliyesema atanioa, akashika ratiba akaisoma kama mtu anayejifunza herufi.

"Ni printa!" nikasema.

"Printa ina vidole?" Senge akauliza.

Nikang'oa kitambaa nikamwonyesha, alama imepenya pande zote mbili. Akasema, "Na hicho pia umekishika wewe." Hapo ndipo damu ilinipanda. Niitwe mchafu kwetu, mbele ya baba yangu, kwa ajili ya sponji? Nikapita pazia, nikaitoa printa mezani, nikaileta sebuleni inadondoka njia nzima.

"Senge, shika."

Naye kwa ubishi akaishika, akaiinamisha atazame chini, na yaliyobaki tumboni yakamshukia viganja vyote viwili hadi viwikoni.

"Sasa na wewe umemshika nani?"

Senge akabaki ameinua mikono, hajui aiweke wapi, katika chumba ambacho kila kitu ni cheupe. Ndipo Mzee Onchari akasogea mezani. Alivua koti, akalitandaza mezani kando ya kitambaa, akavitazama vyote viwili, mashimo ya kufuma yakionekana hata kwenye alama ya koti, kisha akalivaa tena.

"Vidole hivi vimetoka kwa kiti," akasema. "Kaeni chini. Maombi hayajaisha."

Tukaoana, naam. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka na wageni, yamefika Nyamache kabla ya jua kuzama, na miezi yote hadi harusi nilikuwa yule msichana aliyemshika baba mkwe. Halafu siku ya harusi, kanisa limejaa, Mzee akaingia amechelewa, akatembea polepole katikati hadi mbele, amevaa suti ile ile. Ilikuwa imefuliwa, imefuliwa tena, na kiganja kingali pale mgongoni, cha zambarau. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamnong'oneza Momanyi, baba yako ananifanyia nini?

"Nilimuuliza asubuhi," akasema. "Anasema walikutukana hadharani, naye anawajibu hadharani."

Nikalia ndani ya shela mpaka poda ikaisha, na bado nilikuwa na hasira. (Ombati alikuja pia, bila mwaliko, akala nyama.)

Tangu siku hiyo printa ikipepesa taa, naizima na kuipeleka ibadilishwe sponji, hata anayengoja karatasi awe nani. Na nyumbani kwangu hakuna kitambaa hata kimoja. Senge kila akija hulalamika kwamba viti vyangu viko uchi. Vikae uchi hivyo hivyo.