Koja la Picha na Koja la Shingo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio na ndoo. Duka lilikuwa Deira, mjini Dubai, kwenye kichochoro nyuma ya soko, na hakikuuzwa humo kitu ila maua. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nitoke Mombasa, nimekuja kwa viza ya usafi. Mwenye Duka, Mhindi wa Kerala aliyevaa miwani yake zaidi kifuani kwa kamba kuliko machoni, alinionyesha pa kuvua viatu, kisha akanionyesha mzee mmoja aliyekaa juu ya jamvi, vikapu vimemzunguka.

"Yule ndiye Fundi Mkuu," akaniambia. "Akisema lete maji, lete maji. Akisema ondoka, ondoka. Mengine utayajua polepole."

Siku ile ilikuwa tarehe mosi Oktoba. Kesho yake, tarehe mbili, Wahindi huadhimisha kuzaliwa kwa Baba wa Taifa lao, na kila shule, kila chama na kila ofisi yenye picha yake ilikuwa imeagiza koja la maua. Fundi mmoja alikuwa mgonjwa. Ilipofika saa tisa alasiri vikapu vilikuwa bado vimejaa, na Fundi Mkuu alikuwa ameanza kuzungumza peke yake kwa Kitamil.

Niliegemeza ufagio ukutani. Mama yangu alikuwa akitunga asumini za maharusi pale Kibokoni, mtaani kwetu Mombasa, na tangu nina miaka sita nilikuwa nikikaa ubavuni pake nikimsaidia. Nikachukua sindano na uzi, nikatunga asumini kiasi cha pima moja, nikaiweka mbele ya Fundi. Aliivuta huku na huku kwa nguvu. Uzi haukukatika wala ua halikuteleza.

"Nani amekufundisha?"

"Mama yangu."

"Mama yako Mhindi?"

"Mswahili wa Mombasa."

Akanitazama, kisha akamgeukia Mwenye Duka. "Tafuta mtu mwingine wa kufagia," akasema, akanisogezea kikapu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Ninyi vijana mnaponiuliza mimi Bi Zuhura nilikuwa nikifanya nini Dubai, nawajibu: nilikuwa nikitunga maua ya siku za Wahindi. Mnacheka. Basi kaeni niwaeleze.

Nilidhani najua kutunga, kumbe nilijua aina moja tu. Ya sindano ni rahisi: ua la manjano wanaloliita genda hutobolewa kitakoni, likapanda uzi hadi kumgusa mwenzake. Lakini asumini Fundi Mkuu hakutaka itobolewe. Aliyapanga maua mawili mawili, vichwa vikiangalia pande mbili, akayafunga kwa uzi wa mgomba uliolowekwa mpaka ukawa laini. Kila jozi na fundo lake, na fundo linafungwa kwa vidole vitatu bila kuangalia. Ilinichukua miezi minne vidole vyangu kuelewa. Mwishoni mwa koja huning'inizwa kishada, yaani shada dogo la kufungia kazi, na kwa kishada hicho tu mtu mzoefu anajua koja limetoka mikononi mwa nani.

Maua ya hekaluni sikuyagusa. Hayo yalikuwa na wenyewe, na masharti yake, na Fundi Mkuu aliniheshimu kwa dini yangu kama nilivyomheshimu kwa yake. Mimi aliniachia siku za taifa. "Hizi ni za historia," alisema. "Historia haimwulizi mtu anaswali wapi."

Nikaijua kalenda yao kuliko yetu. Tarehe ishirini na sita Januari ni Siku ya Jamhuri, na hapo ni rangi tatu za bendera: genda la rangi ya machungwa juu, maua meupe katikati, majani chini. Ukikosea mpangilio umepindua bendera ya watu. Siku nne baadaye, tarehe thelathini, ndiyo siku aliyouawa yule Baba wa Taifa. Hapo hakuna vishada wala rangi za kumeremeta. Ni petali za waridi kwenye sahani, na saa tano asubuhi Mwenye Duka alizima redio, tukasimama kimya dakika mbili, hata mteja aliyekuwa mlangoni. Tarehe kumi na nne Novemba ni Siku ya Watoto, alipozaliwa Waziri Mkuu wao wa kwanza, ambaye alizoea kuchomeka ua waridi kwenye koti. Shule zilitaka vichipukizi vyekundu, kimoja kimoja, vya kuchomeka vifungoni. Maboksi ya waridi hizo yalikuwa yakitoka Naivasha. Nikiyafungua nikaona jina la Kenya ubavuni, nilikuwa namtazama Fundi Mkuu kama vile nimeyapanda mwenyewe.

Iliyotutesa ilikuwa tarehe thelathini na moja Oktoba. Siku hiyo alizaliwa kiongozi aliyeziunganisha tawala zote za wafalme wadogo zikawa nchi moja, na siku hiyo hiyo, miaka mingi baadaye, aliuawa Waziri Mkuu wao mwanamke. Basi oda mbili hupita mlango mmoja, moja ya furaha na moja ya majonzi. Fundi Mkuu alizifunga nyuzi za rangi mbali mbali ili dereva asije akazibadilisha.

Na kulikuwa na kanuni moja aliyonifundisha kabla ya nyingine zote. "Sikiliza, Zuhura. Mtu aliye hai anavishwa koja shingoni. Picha inavishwa koja mwenyewe akishakufa. Ukiona picha ina maua, huyo ametangulia."

Kanuni hiyo niliijua vizuri. Ndiyo sababu kosa lililonipata siwezi kumsingizia mtu.

Ilikuwa mwaka wangu wa nane. Nilikuwa nimeshapandishwa kutoka jamvini hadi kuwa mpambaji wa kumbi, na nilijiona mjuzi. Chama kimoja cha Wahindi kilikodi ukumbi kuadhimisha tarehe tisa Agosti, siku lilipoanza lile vuguvugu la kuwaambia Waingereza watoke India. Mwenyekiti wa chama alinipa orodha: jukwaa, meza ya wageni, mlango, na picha tano. Nne kati ya hizo nilizifahamu kama ninavyoufahamu mlango wa nyumba yetu. Ya tano ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, ya kijana mwembamba mwenye masikio makubwa na kofia nyeupe ya kitambaa.

Mlinzi wa ukumbi alikuwa Mganda, Grace, na ndiye aliyenishikia ngazi.

"Huyu nani, dada?" akaniuliza.

"Mmoja wa wale waliofungwa jela na Waingereza."

"Alikufa?"

"Grace, mambo ya zamani hayo. Wote walishakufa."

Nikaivisha picha koja zuri kuliko yote, la genda na rajnigandha, lile ua jeupe la kijiti kirefu lenye harufu inayojaza chumba. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, nikaridhika.

Wageni wakaingia. Nilikuwa bado nimesimama pembeni nikinyunyizia maji maua ya meza, maana Agosti ya Dubai haina huruma na petali. Mara watu wote wakageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mwenye fimbo, ameshika mkono wa binti yake. Nywele chini ya kofia zilikuwa nyeupe na mgongo umepinda, lakini masikio yalikuwa yale yale.

Binti yake aliitazama picha, akaweka kiganja mdomoni. Mwenyekiti alinijia uso umebadilika rangi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, sir."

"Unajua umefanya nini? Huyu ndiye mgeni wetu wa heshima. Umemtangazia kifo mbele ya binti yake." Akatoa simu, akampigia Mwenye Duka pale pale. Mimi nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na neno nililolishika ni viza. Kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza yangu, alikuwa Mwenye Duka. Akisema nirudi kwetu, nitarudi, na Kibokoni nyumba nzima ilikuwa inanitegemea mimi: mama, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, na binti yangu mdogo.

Nikapanda ngazi kulitoa lile koja. Waya niliofungia haukutaka kufunguka. Grace aliishika ngazi akisema taratibu, "Pole pole, dada. Usianguke, usiongeze shida." Nilipoligandua, nikasikia sauti chini yangu kwa Kihindi.

"Usilitupe. Lilete hapa."

Yule mzee alikuwa amelifikia jukwaa. Nilishuka, nikamwomba radhi kwa Kihindi changu cha dukani. Aliniinulia kidole ninyamaze, akawageukia watu.

"Picha hii nilipigwa nikiwa mwanafunzi," alisema. "Mwaka ule polisi walitupiga kwenye maandamano, nikaachwa mtaroni, na habari ikafika nyumbani kwamba nimekufa. Mama yangu akaitundika picha hii, akaivisha maua, akalia. Siku ya tatu nikaingia mlangoni kwa miguu yangu." Akanigeukia. "Kwa hiyo, dada, wewe ni wa pili. Na mara hii pia nimefika mwenyewe."

Akavua kofia, akainamisha kichwa. "Haya. Lipeleke linapotakiwa."

Nikamvisha shingoni. Watu walianza kucheka kidogo kidogo, kisha ukumbi mzima ukapiga makofi, na Mwenyekiti naye ilimbidi apige. Binti yake alikuwa anacheka na kujifuta machozi. Mzee alitoa hotuba yake yote akiwa na koja lile, na alipofika kwenye habari za jela alikuwa akikishika kishada kama mtu anayeshika tai.

Asubuhi iliyofuata nilifika dukani kabla ya wenzangu, nguo zangu nimeshazipanga kwenye sanduku nyumbani. Mwenye Duka alivaa miwani yake machoni, jambo la nadra, akanitazama.

"Mzee amenipigia simu. Amesema nikikufukuza, yeye ataenda kununua maua kwa jirani. Khalas, yamekwisha, kaa kazini. Lakini ulijua kanuni, Zuhura."

"Niliijua, sir. Sikuuliza tu."

"Basi kuanzia leo, uliza."

Nikauliza kwa miaka yote iliyobaki. Niliuliza mpaka wateja wakachoka. Mtu akileta picha, kabla sijashika uzi namwuliza: yuko hai?

Na kila tarehe tisa Agosti dukani ilikuja oda ya koja moja, genda na rajnigandha. Mzee alikuwa akipiga simu mwenyewe. Hakusema jina. Alisema, "Bado ni la shingo," akacheka, akakata. Fundi Mkuu alikuwa akiisubiri simu ile kuliko mimi, na alichagua maua yake ua kwa ua.

Mwaka wa kumi wa oda ile aliyepiga alikuwa binti yake. "Bi Zuhura," akasema, "mwaka huu ni la picha."

Nililitunga peke yangu, asumini tupu, kwa mtindo wa kwetu, wa sindano. Fundi Mkuu aliona natoboa asumini, na kwa mara ya kwanza hakunikataza. Nikalipeleka mwenyewe, nikalitundika mwenyewe, na binti yake akaniwekea kiti katika safu ya familia.

Baadaye nilipelekwa mizigoni, uwanja wa ndege, kupokea maboksi alfajiri na kuyakagua kabla hayajapata joto. Unafungua, unabonyeza kikonyo, unanusa. Kikivuja ute, unarudisha. Nilikaa huko miaka mitatu nikigombana na makarani wa forodha kwa Kiarabu changu cha yalla yalla, na nilipenda kila siku yake. Kisha Fundi Mkuu alipata umri wa kurudi kwao, akaniachia jamvi. Mwanamke wa Mombasa akawa Fundi Mkuu wa makoja ya Wahindi Deira. Wateja wapya walikuwa wanatazama nyuma yangu wakimtafuta fundi mwenyewe. Niliwaacha watafute, nikaendelea kutunga.

Siku hizi kumbi nyingi zinaweka maua ya plastiki. Hayanyauki, na picha zinavishwa mara moja mwaka mzima. Sisemi ni vibaya. Ila ua bichi linakulazimisha ukumbuke tarehe, maana ukilitunga jana litakuwa limekufa, na ukilitunga kesho sherehe imeshapita. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Mei ya mwaka uliopita nilikwenda dukani kutia saini karatasi za kustaafu. Mwenye Duka ameshafariki, na sasa anayeongoza ni binti yake, tunamwita Madam. Alikuwa anajaza fomu, akasimama kwenye tarehe ya kuzaliwa.

"Mosi Januari. Kweli hii?"

"Ya karani wa Mombasa, Madam. Mama hakuikumbuka tarehe, alikumbuka mvua tu. Karani akaandika alivyoona."

Akaweka kalamu chini. "Umewatungia maua watu wote hawa kwenye siku zao, na wewe huna siku?"

"Sikuwahi kuihitaji."

"Basi chagua."

Wafanyakazi wakaacha nyuzi zao wakanitazama. Niliinua macho kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye siku zote nilizozihudumia, na kila nzuri niliyoiona ilikuwa na mwenyewe. Tarehe ya siku ile ilikuwa Jumanne, nyeupe, haina jina la mtu.

"Leo," nikasema.

Madam akaiandika kwenye kalenda kwa mkono wake. Wale wasichana wapya wakaniamuru nikae, wakanitungia koja haraka haraka, wakanivisha, wakapiga makofi. Vifundo vyao vilikuwa vimelegea. Kwenye teksi ya kurudi Al Baraha, nilikokuwa nikiishi, maua yalikuwa yakidondoka moja baada ya jingine. Sikuyafunga upya. Niliyaokota, nikayakusanya mapajani, nikafika nayo nyumbani.