Doa Chini ya Ndovu wa Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana alininusa kabla hajanisalimu. "Bi Salma, nenda kakoshe mikono mpaka viwikoni. Hapa hatuingii na mafuta ya udi, karatasi inayanywa." Mama ndiye aliyenipaka asubuhi ile nyumbani Wattaya, maana kwetu mtu hatoki kwenda penye heshima bila ya kunukia. Niliona haya nusura nirudi.

Kazi yetu ilikuwa kutibu picha za karatasi katika jumba la makumbusho hapa Maskati. Nilianza ghalani, nikahamishiwa mezani, na huko nikakabidhiwa picha ya msafara wa mfalme wa Kimughali wa Bara Hindi: ndovu saba wenye matandiko ya dhahabu, wapiga ngoma mbele, mfalme juu chini ya mwavuli. Karatasi yake ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, zikasuguliwa kwa jiwe mpaka zikang'aa. Rangi ilikuwa ikibanduka, nami nikiirudisha kwa gundi na ncha ya brashi, pumzi nimeibana.

Asubuhi moja nilikuja moja kwa moja kutoka harusini Qurayyat, nilikopakwa udi. Viganja nilivikosha, vifundo vya mikono nikavisahau. Nilipoinua mkono, chini ya mguu wa ndovu wa mbele palikuwa na doa la mafuta, dogo kama punje ya dengu. Nikaenda kumwambia mkuu palepale.

Alilitazama kwa kioo cha kukuzia. "Linatoka hili, tukilitibu leo. Lakini nikiomba ruhusa lazima niandike sababu, na wewe kesho huna kazi. Wanao je?" Akachukua ripoti ya hali, ile inayoandikwa kila jeraha la picha, akaandika: doa la zamani. "Nyamaza, mwanangu. Nnakusitiri."

Nilimshukuru, nikanyamaza. Lakini kanuni ya kazi yetu ni kuwa doa la zamani haliguswi, ni sehemu ya umri wa picha. Kila mwaka nililipima kwa rula, na kila mwaka lilikuwa limekua na kuiva rangi ya chai. Mkuu alistaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Nikakalia kiti chake, na bado sikusema. Nilijiambia kwamba kusema ni kumfedhehesha marehemu. Kweli ni kwamba niliogopa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi hata ukuta sikujenga, nilikaa nikiutazama ufa mpaka nikastaafu.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho, niliyakata maneno ya marehemu kwenye ile ripoti kwa mstari mmoja nikaandika: mafuta ya udi, mkono wangu. Nikampelekea mkuu mpya, binti aliyeisomea kazi hii, nikingoja kukaripiwa. Hakunikaripia. Alisoma, akaenda kuliinamia lile doa, ambalo sasa limeshazipanda kucha za ndovu.

"Bi Salma," alisema taratibu, "lilipokuwa jipya lingetoka kwa siku moja."

"Nnajua," nilimjibu. "Nilijua siku ile ile."