Gari la Marehemu Lilipokataa Kuwaka

Juzi binti yangu alinipeleka gereji moja huku ughaibuni, Euless, abadilishe oili. Tukamkuta mama Mzungu, mjane, gari la mumewe limevutwa mpaka pale. Ni zile za zamani za Kiamerika, pua ndefu, injini ya kunguruma. Mzee wake alikuwa azikwe kesho yake, na aliacha neno kwamba gari hilo ndilo limtangulie makaburini. Sasa limegoma.

Vijana wa gereji wakalizunguka na kompyuta yao, wasione pa kuichomeka. Mmoja akamwambia, "Mama, hizi zilikwisha. Watu sasa wanataka za betri."

Mjane akalaza mkono juu ya boneti.

Mzee Mkongomani anayefagia pale akasogea, akainama akalichungulia. Akanigeukia mimi, mwenzake wa Kiswahili. "Iko mzima hii, mama. Ni koo tu imeziba. Kwetu Bukavu tulikuwa na za kabureta tupu." Akaifungua hiyo kabureta inayolisha injini petroli, akaisugua kwa mswaki na petroli, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha. Likawaka, madirisha yakatetemeka. Mjane akalia kwa sauti.

Alipotulia akamwambia mzee, "Kesho endesha wewe."

"Sina leseni ya hapa, mama."

"Basi kaa kando yangu. Likikohoa, ulitibu."

Wanangu, nimezika watu wengi. Kwetu kiti hicho cha mbele ni cha ndugu wa marehemu. Lakini ndugu wakinuna, si wangekuja wao kuliwasha?