Kiota cha Popo wa Sibwesa

Mlinzi wa msitu wetu wa Sibwesa hutembea taratibu, kama anayepita walikolala watoto. Kila kiota kilichoachwa na ndege hukitegea sikio, kisha hunong'ona, "Lala, mama." Jioni moja alimkuta jirani yangu Ngolo ameinua shoka chini ya mti wenye kiota kama hicho, ambamo popo hulala.

"Hao popo ni wa kichawi, mzee," Ngolo alisema.

Mlinzi alilivuta tawi chini kwa vidole vyake vigumu. Ndani ya kiota, popo mdogo mwenye manyoya laini kama sufi alikuwa amelala akinyonyesha kitoto chake. "Anakula wadudu tu," mlinzi alisema, akauweka mkono wa Ngolo chini ya kiota.

Ngolo alilisikia joto la popo, shoka likamtoka mkononi. "Mzee," akanong'ona, "nikitoa mkono ataamka?"