Kumchora Mama kwa Kalamu Isiyo na Wino

Mama yangu aliacha picha moja tu duniani, ile ya kadi ya mpiga kura, na picha hiyo nayo ikamfuata miezi michache baada ya mazishi. Baba aliitoa mfukoni mwa shati siku alipohamia kwetu Butembo kutoka Lubero, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani mbele yangu. Jina lilisomeka. Namba ilisomeka. Sahihi ya ofisa aliyetoa kadi ilisomeka kuliko vyote. Mahali pa sura palikuwa na wingu la kijivu lenye mabega.

"Unaona mutu?" akauliza.

Nilimwambia kwamba ninaona mabega.

"Hata mimi naona mabega. Mais lakini mabega ya mama yenu sikusahau. Sura ndiyo naanza kusahau. Asubui nakuwa nayo. Nikishakunywa chai, imeenda."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeeleza hitilafu ya bomba la maji. Misa ya kutimiza mwaka tangu mama afariki ilikuwa inakaribia, naye alitaka sura ya mkewe itundikwe sebuleni kabla ya siku hiyo, ili awe na pa kuitazama itakapomtoka kichwani. Niliwapigia simu kaka zangu. Kila mmoja aliamini kwamba picha za mama ziko kwa mwenzake. Tulipekua albamu za harusi, za ubatizo na za komunyo, tukagundua kwamba kila mpiga picha aliposema tukae tayari, mama alikuwa ameenda kuongeza viti. Katika picha moja unaonekana mkono wake, pamoja na kiti.

"We unachoraka," baba akaniambia. "Unichoreye yeye."

Ni kweli kwamba ninachora. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari tangu nilipotoka chuoni, na katika shule zetu picha ambayo mwalimu hawezi kuichora ubaoni ni picha ambayo wanafunzi hawataiona. Nimechora mioyo, mafigo, na ua la haragwe lililopasuliwa katikati, na wenzangu huniitia madarasani mwao somo likiwa gumu. Hata hivyo, binadamu wote niliowahi kuwachora walikuwa wamechunwa ngozi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa jamaa yangu.

Nilianza kwa penseli na karatasi nzito. Baba aliketi kando yangu kama shahidi mahakamani. Alisema kwamba pua ilikuwa fupi, nikafuta. Alisema kwamba haikuwa fupi namna hiyo, nikafuta tena. Alisema kwamba mdomo ulikuwa wa mtu anayetaka kusema lakini ameamua kunyamaza, nikafuta bila kujua niweke nini. Karatasi ya kwanza ilitoboka puani, ya pili mdomoni. Ndipo binti yangu, anayesoma informatiki, yaani kompyuta, hapa mjini, alipochoka kututazama akaniletea kifaa chake cha kuchoria, ambacho alikinunua kwa ajili ya somo fulani na kukisahau chini ya kitanda somo lilipokwisha.

Kilikuwa bamba jeusi lisilo na kioo, pana kama sinia dogo, lenye waya wa kuunganisha na kompyuta na kalamu isiyotoa chochote.

"Mama, ku hii unaweza kufuta mpaka Yesu arudi," alisema. "Haipasuke."

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa macho. Katika maisha yangu yote ya kazi nimeutazama mkono wangu unapochora. Sasa mkono ulisogea juu ya bamba mezani, na mstari ukatokea mbele yangu kwenye kompyuta, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekuwa akiuchora. Kila mara nilijikuta nimeinamia bamba, ambako hapakuwa na kitu cha kuona, hata binti yangu akawa ananishika kidevu na kukiinua, kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa mdogo na hataki dawa.

"Tazama huku. Kule chini hakuna mutu."

"Mkono wangu uko kule."

"Uuache. Unajua njia."

Ugumu wa pili ulikuwa wa chaki. Kalamu ya kifaa hicho husikia uzito wa mkono: ukiigusisha tu, mstari huwa mwembamba, ukiikandamiza, hunenepa. Mimi niliikandamiza kwa nguvu ya mtu anayetaka kuonekana kutoka benchi la mwisho, na nyusi za mama zikatoka kama miti ya paa. Nilipojifunza kulegeza mkono nilijifunza pia kukuza picha, na hilo lilinigharimu Jumamosi nzima. Nililikuza jicho mpaka likajaza kompyuta, nikalitengeneza kope kwa kope. Nilipolipunguza ili nione uso wote, nilikuwa na jicho zuri sana ambalo lilikuwa shavuni.

Kitu nilichokielewa upesi ni matabaka. Mchoro wa namna hii hujengwa kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Umbo la kichwa kwenye moja, macho kwenye nyingine, nywele juu yake. Kando ya kila tabaka kuna alama ndogo ya jicho. Ukiibonyeza, tabaka hilo hufichika bila kuharibika. Ukiibonyeza tena, hurudi kama lilivyokuwa. Hapo sikuhitaji mwalimu. Ndivyo nilivyozoea kumjenga binadamu ubaoni, mifupa kwanza, kisha misuli, ngozi ikiwa jambo la baadaye.

Halafu binti yangu akanionyesha njia ya mkato: ukichora nusu ya uso, mashine huchora nusu ya pili yenyewe, kama kwenye kioo. Niliona kwamba jambo hilo lina msingi. Nimewafundisha wanafunzi wengi kwamba mwili wa binadamu unalingana kulia na kushoto, na wengine wamefaulu mitihani kwa kunukuu maneno hayo. Nilichora nusu ya mama kwa uangalifu mkubwa, nikapokea nusu nyingine bure, nikapitisha brashi laini kwenye mashavu na kwenye paji la uso hadi kazi yote ikawa safi. Niliridhika, nikamwita baba.

Alivaa miwani. Aliitazama picha kwa heshima anayowatunzia wageni.

"Huyu mama ni wa wapi?"

"Papa, ni mama."

"Aa." Akafikiri kidogo. "Ni mutu muzuri. Anafanana na bibi ya administrateur, muke ya mukubwa wa serikali."

Akaenda kunywa chai. Niliona kwamba aliinywa taratibu mpaka mwisho na kwamba hakugeuka hata mara moja kuitazama kompyuta. Siku zilizofuata hakuuliza habari za picha. Alianza kuuliza kama ile kadi inaweza kuoshwa.

Hali ilikuwa hiyo mama mdogo alipofika kutoka Beni kusaidia maandalizi ya misa, barabara ikiwa inapitika wiki ile. Yeye ndiye anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Alileta dumu la mawese na maoni yake yote. Nilimwonyesha picha hata kabla hajaketi.

"Na huyu mwenye kula mushahara ya Leta, ya serikali, ni nani?"

"Mama mdogo, ni dada yako."

"Dada yangu?" Alisogea karibu na kompyuta, akarudi nyuma. "Kamba iko wapi?"

"Kamba gani?"

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaweka kidole kwenye paji la uso.

Katika milima yetu mwanamke hubeba kitunga mgongoni, na kamba yake hupita juu ya paji la uso, ili kichwa ndicho kivute mzigo. Anayeanza akiwa msichana, akapitisha hapo viazi, kuni na kabichi kwa miaka yote ya nguvu zake, hubaki na bonde jembamba juu ya nyusi, ambalo haliondoki hata akiacha kubeba. Nimeona mapaji ya namna hiyo kila siku ya soko tangu nizaliwe. Baba alikuwa ametoa ushahidi juu ya pua, mdomo, masikio na mwanya wa meno. Bonde hilo hakulitaja. Mimi sikulikumbuka, na pale lilipopaswa kuwa ndipo nilipopitisha brashi laini kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Nilifungua tabaka jipya na kuizima ile njia ya mkato. Mama mdogo akaketi mbele yangu kichwa wazi, awe kielelezo, jambo ambalo halikumzuia kusema.

"Yake ilikuwa inashuka ku kushoto. Yangu iko sawa, usiangalie yangu sana. Yeye alikuwa anageuzaka kichwa kila saa, juu ya kuona kama wewe unafuata nyuma. Ulikuwa unachelewaka sana."

Kwa hiyo niliishusha alama upande wa kushoto. Alama iliposhuka, unyusi wa kushoto ulionekana uko juu mno, nikaushusha nao. Kisha ikabidi pembe ya jicho ifuate, halafu shavu. Mpaka jioni hapakuwa tena na kitu kilicholingana kulia na kushoto, na aliyekuwa mbele yetu ni mama. Nilimwita baba.

Safari hii hakufika kwenye kiti. Alisimama mlangoni, akamwita mama kwa jina ambalo sijawahi kulisikia akilitumia mbele ya watoto. Kisha akasema:

"Utoe ile kamba."

"Shemeki, unasema nini?" mama mdogo akashtuka.

"Nasema aitoe. Nilimuambia aweke ule muzigo chini tangu batoto bangali badogo. Alikataa. Sasa amekufa, na munataka abebe tena? Ku ukuta? Kila siku?"

"Ungebeba wewe, basi."

"Mwanaume abebe kitunga na kichwa? Bantu bangesema nini?"

"Yote ile bangesema, dada yangu aliibeba. Iko hapa." Akagonga paji lake. "Huyu professeur wako, unafikiri alipita wapi juu ya kufika chuo? Alipita hapa. Utamufuta naye?"

Professeur wake, yaani mimi mwalimu wa sekondari, alikuwa bado ameshika kalamu isiyo na wino. Nilifanya lile dogo nililojua kufanya: nilibonyeza alama ya jicho, na bonde likafichika. Paji likawa laini. Unyusi wa kushoto ulibaki chini kama tulivyouacha, lakini sasa bila sababu yoyote, na mama akawa na uso wa mwanamke anayetilia shaka bei aliyotajiwa. Baba alikuja mpaka mezani, akainama.

"Ameenda," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha.

"Ni yeye. Toa."

Nikatoa.

"Ameenda tena. Rudisha."

Tuliendelea hivyo. Hakuna aliyecheka, hata mama mdogo. Binti yangu alichungulia na kutangaza kwamba betri inakwisha na umeme haujarudi, akaona nyuso zetu, akaondoka kutafuta mwenye jenereta.

"Haiwezekane apumuzike," baba akaniuliza, "na abakie yeye?"

Ni swali ambalo sikulikuta katika somo lolote la kifaa hicho, wala katika biolojia. Baba akavuta kiti, akaketi, macho yake yakiwa kwenye paji la uso.

"Siku ya Mungu, ya kwenda misa," akasema, "alikuwa anafunga kitambaa. Chini, mpaka karibu ya nyusi. Siku ile hakubebaka kitu." Akanigeukia. "Umufunge kitambaa. Mais ile ya chini usiifute. Mimi nitajua kama iko."

Mama mdogo akaanza kufunga kitambaa chake polepole ili nione jinsi nguo inavyokaa juu ya mahali penye bonde. Haikai sawa, huzama kidogo, na mtu asiyejua angedhani mchoraji amekosea. Nilifungua tabaka la juu kabisa na kukichora kadiri nilivyokiona. Walibishana juu ya rangi. Baba alisema bluu, mama mdogo alisema kijani kibichi, akaongeza kwamba yeye ndiye aliyekinunua Beni na kumpa dada yake. Kitambaa ni kijani kibichi.

Nilipeleka picha mtaa wa Kimemi, kwa kijana mwenye mashine ya kuchapa mabango. Aliifungua, akaniambia kwa upole kwamba kuna tabaka moja chini ya kitambaa lisiloonekana popote, na kwamba angeweza kuliondoa.

"Haitabadilisha kitu, maman."

Nilimjibu kwamba ninajua, na kwamba aliache. Alinitazama kama watu wa mashine wanavyotutazama sisi walimu, akachapa.

Tuliitundika mapema asubuhi ya misa, kwa sababu kuta za nyumba yetu ni ngumu na msumari wa kwanza ulikuwa umepinda usiku uliotangulia. Baba alikuwa amekwisha kuvaa koti, soksi zikiwa bado mkononi. Aliitazama picha kutoka kitini, kisha akasimama akaitazama kwa karibu, kisha akarudi kitini. Nilijifanya ninapima kama fremu imenyooka.

"Ni yeye," alisema. "Anaenda misa."

"Basi usimucheleweshe," mama mdogo akamjibu. "Vaa viatu."